Ukuta wa Mkaa kwa Mama Yohana

Sisi tuliokulia Chang'ombe ya Dodoma enzi za ruksa tunajuana hata tukikutana ukubwani. Tunajuana kwa vumbi. Lile vumbi la kiangazi liliingia puani, likaingia kwenye ugali wa uwele na kwenye mlenda, likatufuata hadi ndani ya daftari la hesabu. Mtu akikohoa kwenye kikao cha harusi kikohozi kile kikavu, namgeukia na kumuuliza alisoma shule gani ya msingi.

Ruksa, kwa ambao hawakuwepo, ni ile miaka maduka yalipoanza kuwa na vitu. Kabla yake mche wa sabuni ulikuwa habari ya mtaa mzima. Halafu ghafla mitumba ikamwagwa sokoni, redio za kaseti zikajaa, na mume wa Mama Yohana, dereva wa lori, akarudi kutoka Dar es Salaam na televisheni pamoja na mashine ya gemu. Watu walimcheka. Televisheni ya kutazama nini, wakati hakuna kituo kilichofika kwetu? Akavipanga kwenye chumba cha uani cha tofali za udongo, akamkabidhi mkewe, akarudi zake barabarani.

Mama Yohana hakutaka hela zetu, kwa kuwa alijua tungeziiba kwa wazazi. Alitaka maji. Aliyeishi Dodoma hahitaji kuelezwa kwa nini. Ndoo moja ya maji, mchezo mmoja, na ndoo ikifika pungufu unaambiwa ukaijaze. Mimi nilikuwa msichana, ndoo nimeizoea kichwani, kwa hiyo nikawa tajiri wa gemu na wavulana wakawa wananibembeleza niwachotee. Mama yangu alipogundua, alisimama katikati ya ua akiwa ameshika kata. "Mtungi wa nyumbani umekauka, mjusi anataga humo," alisema, "na pipa la Mama Yohana linafurika. Hivi wewe umezaliwa na nani?" Kilichofuata sikieleza, wa rika langu wanakijua.

Gemu yenyewe ilikuwa moja tu, kaseti ya njano ambayo karatasi yake ya juu ilishabanduka, kwa hiyo jina lake hatukulijua. Ilikuwa na kimtu chenye mkoba mgongoni, kinatembea na kuruka, wala hakirudi nyuma. Tukakiita Msafiri. Na safari yake tukaipa majina ya kwetu. Hatua ya kwanza ilikuwa tambarare yenye miiba, ikawa Dodoma. Ya pili ilikuwa na jumba jeupe ambamo Msafiri akiingia anapona majeraha yote, tukaiita Mvumi, maana kila mtoto pale alishamsikia ndugu aliyepelekwa hospitali ya Mvumi. Ya tatu ilikuwa milima mitupu, tukaiita Kibakwe, na hapo ndipo watu walipokuwa wanaishia. Kati ya mlima na mlima kulikuwa na shimo, na juu ya shimo mawe yasiyoonekana. Unaruka hewani. Kama jiwe lipo unasimama, kama halipo umekwisha, chukua ndoo yako uende bombani.

Mashine ile haikutunza kitu. Umeme ukikatika, na umeme wetu ulikuwa na tabia zake, unaanza tena Dodoma kwenye miiba.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Ndahani. Nilikaa naye dawati moja. Mama yake alikuwa amehamia mjini kutoka Mvumi, akiuza karanga mbele ya nyumba yao. Ndahani hakuwa mchezaji, vidole vyake vilikuwa vizito na Msafiri alimfia mapema. Lakini alikuwa na macho. Umeme ukikatika, sisi wengine tukipiga miluzi na kulaumu, yeye alikwenda jikoni kwa Mama Yohana, akaokota kipande cha mkaa, akachora ukutani alichokiona muda ule. Alichora mlima na shimo, na kila palipo na jiwe akaweka alama. Taratibu ukuta ukajaa. Kibakwe yote ikawa pale, na hatua zilizofuata, ambazo bila ukuta ule hakuna ambaye angezifikia. "Usitazame shimo," alikuwa akituambia, "tazama mkaa." Ikawa ndio wimbo wa chumba. Mtu akikaribia mlima, chumba kizima kinamwambia, tazama mkaa. Mama Yohana alikuwa akipita mlangoni, anatingisha kichwa, anasema, "Nyie watoto mmenigeuzia chumba kuwa jiko." Lakini hakufuta.

Ndahani alikufa kwa homa mwaka tuliomaliza darasa la saba. Hakuwahi kupigwa picha. Mama yake alirudi Mvumi, na sisi tukatawanyika kama watoto wa watumishi wanavyotawanyika, huyu na uhamisho wa baba yake, yule na shule ya bweni.

Miaka ikapita. Idrisa, aliyekuwa bingwa wa kubembeleza ndoo zangu, sasa ni karani bungeni, anavaa tai hata Jumamosi. Ndiye aliyetukusanya kwenye kundi la simu ili tutafute mabaki ya gemu za utoto wetu kabla hayajaisha. Watoto wetu walituona tumechanganyikiwa. Nasi tulichokipata kilitia uchungu. Wengi walishauza mashine zao kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mmoja alituma picha ya waya wa pedi ya kuchezea, mama mkwe wake anauanikia nguo. Idrisa aliwaandikia watu wa nchi za nje wanaohifadhi gemu za zamani, akawaeleza habari za Msafiri, mkoba wake na mawe yake. Wakamjibu kwa adabu kwamba hawajawahi kuiona. Sijui nani aliitengeneza wala wapi. Kwa tulivyojua sisi, gemu ile, kama bado ipo, ilikuwa imebaki Chang'ombe tu.

Ndipo Yohana mwenyewe alipojiunga na kundi. Mama yake bado anayo mashine sandukuni, alisema. Na kile chumba kipo, na michoro ya Ndahani ipo, ila baada ya mavuno anakivunja ajenge vyumba vya kupangisha wanafunzi wa chuo. Usiku ule sikulala vizuri kwa furaha.

Tungeweza kwenda kesho yake. Lakini kwa mtu mzima huendi bila taarifa. Idrisa akampigia Mama Yohana, akamwambia tutakuja Jumapili ya wiki ijayo kukiona chumba chetu cha zamani na kukipiga picha. Hakuna aliyetaja mkaa. Utamwambiaje mzazi kwamba umetoka kwako kuja kupiga picha uchafu wa ukuta wake? Tukanunua sukari na khanga, Idrisa akaazima kamera nzuri.

"Hodi hapa."

"Karibuni, wanangu, karibuni."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbukwenyi," akatuongezea salamu ya Kigogo, anacheka, anatushika mikono mmoja mmoja. Amezeeka, mgongo umepinda. Alitupa chai na karanga kwanza. Halafu akatutangulia uani, akafungua mlango wa chumba, akasimama pembeni ili tuone vizuri.

Chumba kilikuwa cheupe. Kuta zote nne, mpaka kwenye dari, na harufu ya chokaa mbichi.

"Wageni na kamera zao, niwaingize kwenye masizi?" alisema. "Nimesimama mwenyewe na brashi. Yohana yuko safarini, angenikataza. Niliusugua kwanza kwa maji, ule mkaa ulikuwa mgumu, pipa zima liliisha."

Idrisa alinitazama, akatazama chini. Mimi nilipitisha kiganja ukutani, kikarudi na unga mweupe. 

"Pamependeza, mama," nikasema. "Ahsante sana."

"Basi nipigeni na mimi," akasema, akajitanda khanga tuliyomletea.

Tukampiga picha amesimama mbele ya ukuta mweupe, anatabasamu. Ni picha nzuri. Ustaarabu wetu ndio uliotuponza, na hata sasa sioni ni nani kati yetu alitakiwa kuuacha.

Alitutolea mashine sandukuni, imefungwa ndani ya kitenge. Tukaiunganisha kwenye televisheni yake ya sebuleni na Idrisa akaipuliza kaseti kama zamani. Muziki uleule ukatoka. Mama Yohana akaketi kwenye mkeka. "Chezeni, wanangu," alisema. "Leo sidai maji."

Tulipita Dodoma. Tulipita Mvumi. Tukafika Kibakwe, Idrisa akalikumbuka jiwe la kwanza, mimi nikalikumbuka la pili. La tatu hakuna aliyelijua. Tulirudia mpaka jua likazama, kila safari tukiishia palepale.

Binti yangu nilipomsimulia aliuliza kwa nini hatukupiga picha tangu utotoni. Huyu ana picha za chipsi alizokula mwaka juzi, na gemu zake zinakumbuka alipoishia hata akizima simu wiki nzima. Maji kwake yanatoka bombani ndani ya nyumba, na bado ukimwomba glasi anasema subiri kidogo. Nampenda, lakini hatanielewa. Enzi zetu mashine ilikuwa haikumbuki kitu, ilibidi mtoto mmoja akumbuke kwa niaba ya wote, na huyo tulimzika kabla hajamaliza kukua.

Mama Yohana alinipa mashine. Chumba kimeshavunjwa. Siku za Jumapili, kazi zikiisha, naiwasha peke yangu, navuka miiba, napona Mvumi, nasimama ukingoni Kibakwe. Ndahani alisema nisitazame shimo. Sasa hakuna kingine cha kutazama.