Kipa Wetu Kahamia kwa Wenye Samaki

Watu wa hapa mtaani Nyakato wanasema Ojuok ni msaliti. Nawaambia wafunge midomo. Miaka kumi na miwili huyu Mjaluo wa Shirati amelinda goli la timu ya kiwanda chetu cha sabuni, na mimi, Masele, msimamizi wake wa zamu, ndimi pia kocha wake.

Mwaka huu wa tisini na nne kiwanda kimeuzwa. Tajiri mpya akataka watu wapunguzwe kazi, na hakuuliza mtu. Alifungua daftari la mahudhurio tu, akawaondoa wote wasiosaini. Mbele ya jina la Ojuok hapakuwa na saini hata moja. Akapewa barua, na aliyepunguzwa kazi yuko huru kuchezea timu nyingine. Wiki hiyohiyo timu ya kiwanda cha minofu ya samaki ikamchukua.

Jana tumecheza nao. Tumepiga mashuti mpaka miguu ikauma, Ojuok kadaka yote. Tukafungwa moja bila. Mwisho akanifuata, akainamisha kichwa: "Shikamoo, kocha." Nikageuka kukusanya mipira.

Nimekasirika. Maana Ojuok hakuwa mtoro. Siku yake ya kwanza kazini alipanga foleni kama wenzake, kalamu mkononi. Nani alimshika mkono akamtoa? Ni mimi. Nikamwambia, "Achana na daftari, wewe kazi yako ni goli. Nenda uwanjani."

Akanitii miaka yote kumi na miwili.