Mchicha wa Shemeji Haukatwi

Shemeji yangu, mume wa dada, ni kinyozi. Vichwa vya watu huvinyoa bila huruma mpaka vikang'aa, lakini mchicha wake mwenyewe hajawahi kuukata hata jani moja.

Ameupanda kibarazani, ghorofa ya tatu, kwenye ndoo zilizopasuka na magunia ya mchele. Nguo hazina tena pa kuanikwa. Kila mteja anayekaa kwenye kiti chake hupewa somo: tule tunachopanda wenyewe, cha sokoni hujui kimetoka wapi. Mteja atakimbilia wapi na kichwa kimenyolewa nusu? Nyumbani, dada akigusa kisu tu, anazuiwa.

"Uache kwanza, mke wangu. Bado unashika nguvu."

Umeshika nguvu mpaka ukatoa mbegu, na dada anakwenda sokoni kila jioni, kimyakimya.

Basi mama yetu akaanza kusumbuliwa na magoti. Yuko peke yake shambani, nje kidogo ya mji, analima mboga na kuwauzia wachuuzi. Dada alikuwa hapati usingizi kwa wasiwasi, anataka mama ahamie kwake. Mama akatoa sharti moja tu: nyumba isiyojilisha hata mboga, yeye hahamii.

"Mama, njoo Jumapili," shemeji akajibu kwenye simu, kifua mbele. "Utakula mboga za mkono wangu."

Jumapili yenyewe alizizunguka zile ndoo na kisu. Akachagua shina, akalionea huruma, akaenda kwenye jingine. Mwishowe akaingia ndani, akamnong'oneza dada akimbie sokoni. Nilikuwepo, nikajifanya sikusikia. Ningefanyaje? Hata mimi nilitaka mama ahame.

Mama alikula vizuri, akasifu, akaongezwa. Shemeji akavimba kichwa.

"Siri yake ni udongo, mama," akasema bila haya.

Kisha mama, ambaye kukaa bure hajui, akabeba sahani kupeleka jikoni. Akakawia huko. Aliporudi, mkononi alikuwa na vitambaa viwili vya zambarau. Mafungu yake ya mboga huyafunga kwa kanga kuukuu anazozichana mwenyewe, na ile ya zambarau nilimnunulia mimi. Hakugomba. Alitoka kibarazani, akautazama mchicha uliomfikia kifuani, mzima, hauna hata kovu, akarudi kukaa.

Nilitaka kucheka. Nikaona macho ya dada yamejaa machozi, kicheko kikanikauka.

"Lakini utabaki, mama?" dada akauliza.

"Nibaki?" Mama alimgeukia mkwewe, kwa upole kabisa. "Mwanangu, nikihamia hapa, nyinyi mtakula nini?"