Kimbunga Kilichosimama

Wanaume wa Oklahoma walimchosha Verna Stuckey. King'ora kikilia, wanawake hukimbilia handakini. Wanaume hutoka barazani na bia mkononi kukitazama kimbunga, utadhani wanasubiri mpira uanze. Mumewe, Orval, ndivyo alivyofanya miaka yote ya ndoa yao.

Siku ile Verna alikuwa ameshaingia handakini nyuma ya nyumba, ameushikilia mlango wa chuma.

"Orval! Njoo huku, mbishi wewe!"

"Tulia, mama. Hakiendi kushoto wala kulia. Kimesimama tu pale shambani kwa jirani Dutton."

"Mbona kinazidi kunenepa?"

"Kama wewe!"

Verna akacheka, Mungu amsamehe. Kisha akaelewa. Kimbunga kisichokwenda kushoto wala kulia kinakuja moja kwa moja kwako. Alifungua mdomo ampigie kelele, upepo ukamnyang'anya mlango na kuubamiza.

Alipotoka, hapakuwa na nyumba, baraza wala Orval.

Msibani mchungaji alimuuliza neno la mwisho la marehemu. Verna alisema lilikuwa sala. Angemwambiaje kwamba mumewe alikufa akimtania unene, na yeye alikuwa akicheka?