Leso Nyekundu Juu ya Paa la Aziziya

Ukitaka kuijua Aziziya ya Jeddah, usimwulize mwenye nyumba. Yeye anaijua njia ya kutoka getini hadi kazini, basi, tena akiwa ndani ya gari lenye vioo vyeusi. Mwulize Fridah Kerubo, binti wa Nyamira, aliyeutazama mtaa ule kutoka juu ya paa kila siku akianika nguo, mpaka akajua nani ameongeza ghorofa, nani ameozesha binti, na nani amefukuza mpishi kisha akamwomba arudi.

Fridah alifika mwaka wa elfu mbili na kumi na moja, maajenti wa Nairobi walipokuwa wakisajili wasichana kama watu wanaokusanya kuni kabla ya mvua. Alipangiwa nyumba ya ghorofa tatu, na kila ghorofa ilikuwa na harusi yake. Ya chini aliijenga mzee marehemu alipooa. Ya pili ikapanda kijana wa kwanza alipopata mchumba, ya tatu yule wa pili alipopata wake. Juu ya paa vyuma vilikuwa bado vimesimama vikingojea mjukuu. Aziziya yote imejengwa hivyo. Mgeni huona vyuma vile akadhani watu wameishiwa saruji, kumbe ni baba wa watu anayengojea posa.

Haya yote Fridah aliyapata kwa mama wa nyumba ile, mjane aliyeitwa Saadiya. Wajukuu walimwita Sitti, yaani bibi, na Fridah naye akamwita hivyo hivyo. Sitti alikuwa na ulimi mkali, na masikio aliyoyafungua pale tu alipopenda. Jina la Fridah lilimshinda siku ya kwanza, akalikata likawa Farida, na halas, mjadala ukaisha. Sitti mwenyewe alipoletwa pale akiwa bibi harusi kutoka nyumba za kale za mjini, Aziziya ilikuwa mchanga mtupu na mbwa wakibweka usiku, na shangazi zake walilia kana kwamba anahamishwa nchi. Maji yalikuja kwa lori la tangi. Mpaka leo lori likichelewa, Sitti hufungua dirisha na kulitukana kabla halijafika.

Kisha wakaja makarani na walimu, wakaja Wapakistani na shule yao na tanuri zao za mikate, na mwisho wakaja akina Fridah katika vyumba vya nyuma. Sitti hakuwa na neno na yeyote, mradi mkate uwe wa moto. Yeye hakutoka kwenda kuununua. Aliteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani kama walivyofanya kwao zamani, na mwokaji wa ng'ambo ya barabara akaja akakijaza huku akicheka. Mimi nitasema wazi: mtaa ambao mwokaji mikate anavuka barabara kwa ajili ya kikapu cha kikongwe, hata ukikosa bahari na bustani, ni mtaa mzuri.

Fridah aliupenda. Kazi ilikuwa nyingi na mgongo ulimuuma, lakini alilipwa, alikula akashiba, na Kiarabu alijifunza kwa kugombezwa, ambayo ndiyo shule ya haraka kuliko zote. Ndiyo maana mwaka wa pili, mdogo wake Risper aliposema naye anakuja, Fridah hakumkataza. Ajenti alimhakikishia Risper kwamba ni Jeddah, Aziziya.

Mama yao ndiye aliyekataa. Redio ilikuwa imemjaza hofu ya mambo ya Saudia, na picha za simu hakuziamini kabisa. "Mtu hucheka kwenye picha hata akiwa na njaa," alisema. Akamruhusu Risper kwa sharti moja, ambalo alimpa Fridah kwa simu. "Kerubo, umwone kwa macho yako. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Nitamwona, Mama. Ni mtaa mmoja."

Risper akafika. Alisafiri usiku akiwa na usingizi, akachukuliwa na watu wa kafili, yaani mwajiri wake, akaingizwa nyumba ya watu wapole. Alipomwuliza madam wake hapa ni wapi, akaambiwa Aziziya. Roho ikatulia. Simu alipewa kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na Ijumaa ya kwanza akampigia dada yake.

"Sister, nimefika! Lakini mbona sioni hiyo bahari yako?"

"Hata mimi siioni. Iko mbali. Uko sawa?"

"Niko sawa, lakini aki huku kuna baridi! Asubuhi natetemeka."

"Zima AC, mjinga wewe."

Walicheka, wakapanga. Kutoka nje bila ruhusa hakukuwapo, basi wangeonana kwa paa. Mama yao aliwapa kila mmoja leso nyekundu ya aina moja alipoondoka nyumbani. Kila mmoja aitundike kwenye kamba jioni, mwenzake aitafute.

Jioni ile ile Fridah alipanda na leso yake, kichwani amefunga kitambaa cha bluu. Akazungusha macho juu ya matangi ya maji na madishi. Mtaa wa tatu, nyuma ya bomba la moshi la mwokaji, akaona kitu chekundu kinapepea, na kando yake mwanamke. Fridah akapunga mkono. Yule mwanamke akasita, kisha akapunga wake wote wawili. Fridah alilia akicheka, pale pale kati ya mashuka.

"Uliniona?" akauliza Ijumaa iliyofuata.

Risper alikawia kidogo. "Nilikuona, Sister. Nilikuona vizuri kabisa."

Na nyumbani Mama akauliza swali lake la kila simu: "Umemwona?"

"Nimemwona, Mama."

Ikaenda hivyo miezi kadhaa. Kila jioni leso, kila jioni mkono. Mama alianza kulala usingizi.

Ikatokea siku moja madam wa Risper akampa simu jioni badala ya mchana. Fridah alikuwa juu anaanua nguo, jua bado limelala kwenye kuta. Wakiwa katikati ya maneno, adhana ya magharibi ikalia ndani ya simu.

"Redio ya nani hiyo?" Fridah akauliza.

"Si redio. Ni msikiti wa hapa nyuma."

"Msikiti gani unaadhini saa hii? Jua bado liko!"

"Jua gani, Sister? Huku giza limeingia."

Fridah akasikiliza. Mtaani kwake misikiti yote ilikuwa imetulia, watoto wanacheza mpira. Na kule mbele, nyuma ya bomba la moshi, mwanamke wa leso nyekundu alikuwa amesimama akimpungia, mikono yote miwili juu, bila simu sikioni.

Alishuka ngazi mbio mpaka kwa Sitti, akamweleza kwa Kiarabu kilichovurugika. Sitti alicheka mpaka akavua miwani. "Ya Farida! Aziziya ni jina la heshima ya mfalme. Makka ipo, Riyadh ipo. Kama kwake jua limetangulia kuzama na asubuhi anatetemeka, yuko Riyadh, safari ya siku nzima kwa gari!" Kisha akamwona Fridah amekaa chini sakafuni, akaacha kucheka.

Risper alikiri alipobanwa. Paa la nyumba yake lilizungushiwa ukuta mrefu kumpita kichwa. Hakuwahi kuona kitu juu ya paa lile ila mbingu. "Ulikuwa na furaha sana, Sister. Ningesemaje sijakuona?"

Kumkasirikia mtu wa namna hiyo ni kazi bure. Fridah alimpigia Mama siku hiyo hiyo, na hapo ndipo ninapomvulia kofia, maana angeweza kunyamaza tu, na nani angejua? "Mama, sikumwona. Nilimpungia mtu mwingine."

"Basi usiniambie tena umemwona," Mama akasema. "Sitaamini."

Siku mbili Fridah hakupanda na leso. Alimwita mwanamke wa mtaa wa tatu mwizi wa salamu. Siku ya tatu kamba ya kikapu ilikatika, akatumwa kwa mwokaji kwa miguu. Kwenye foleni, mwanamke aliyevaa abaya akamkodolea macho, akasema kwa Kiswahili cha Bungoma, "Si wewe ndiye wa kitambaa cha bluu?"

Aliitwa Rosebellah. Fridah akamweleza yote, kwa ukali kidogo. "Nilidhani wewe ni dadangu! Kwani wewe ulidhani mimi ni nani?"

"Sikudhani kitu," Rosebellah akajibu. "Niliona tu kuna mtu amenisalimia. Nilikuwa na wiki mbili hapa bila mtu kunisalimia."

Fridah alirudi na mkate umepoa, na jioni akapanda na leso. Wahenga wamesema afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Lakini Mama wa Nyamira hakutaka jirani, alitaka macho ya Fridah juu ya mwanawe.

Likizo ya shule ilipokaribia, Risper akaleta habari: bosi wake anaipeleka familia Jeddah kuona bahari, na yeye anakwenda kulea watoto. Watakaa ufukweni siku chache. Kutoka peke yake mafi, haiwezekani. Fridah akamwendea Sitti, akasema mara moja tu, akaondoka kuosha vyombo. Alimjua bibi yule: ukimsukuma anakataa.

Sitti akadai namba. Akampigia madam wa Riyadh, mtu asiyemjua kwa sura wala kwa ukoo, akafoka kana kwamba amekosewa. "Unakuja Jeddah, unapita mlangoni kwangu, hunywi kahawa yangu? Nimekukosea nini?" Yule wa watu akabaki akiomba radhi. Na kwa Waarabu, ukishaomba radhi kwa kahawa, huna budi kuja kuinywa.

Siku yenyewe Fridah aliandaa sinia tangu mchana. Alasiri ikaja ikapita. Kahawa ikachemshwa tena, ikapoa tena. Sitti alianza kuitukana Riyadh yote kwa jumla. Fridah alishakwenda jikoni kurudisha tende kabatini, ndipo kengele ikalia.

Waliingia kwanza watoto, kisha madam akijitetea kwa foleni ya magari, na nyuma yao, amebeba begi la nepi, Risper. Dada hao hawakukumbatiana mbele ya wageni. Fridah alimshika kifundo cha mkono tu, akamvuta hadi jikoni, akamgeuzageuza mbele ya dirisha kama mtu anayenunua kitambaa. Kovu la goti lipo. Meno yote yapo. Amenenepa.

"Sister, utanivunja mkono."

"Nyamaza. Naona."

Kisha wakapanda paani kuanua nguo, na Risper akamwona kwa mara ya kwanza yule aliyekuwa yeye. Rosebellah aliona wanawake wawili wanampungia badala ya mmoja, akaitoa leso kwenye kamba akaizungusha juu ya kichwa chake.

Waliporudi jikoni Fridah alimpakulia mdogo wake wali, akapiga simu Nyamira.

"Mama, nimemwona."

"Hata siku ile ulisema hivyo."

Fridah akageuka kutafuta la kusema. Risper alikuwa ameegemea friji, sahani mkononi, anatafuna haraka haraka.

"Mama," Fridah akasema, "bado anakula amesimama."

Tangu utotoni Risper alipigiwa kelele kwa tabia hiyo, na hakuna picha wala barua iliyowahi kuitaja. Fridah alisikia kuku wa nyumbani, akasikia Mama akivuta pumzi na kuikatiza, mara moja na mara ya pili.

"Mwambie akae," Mama akasema.

Risper akakaa.