Kurasa Nilizokataza Zisifungwe

Nina duka la steshenari Kariakoo. Tunachapa barua, tunatoa kopi, na siku hizi tunawajazia watu fomu za mtandaoni. Kompyuta ni moja. Aliyekuwa akiiendesha ni binti wa marehemu mdogo wangu, ambaye nilikuwa nikijisifu kwa watu kwamba nimemlea kama wangu.

Kulikuwa na sheria moja niliyotoka nayo enzi za taipureta: kazi ya mteja haiondolewi mezani mpaka mwenyewe arudi. Kompyuta ilipoingia nikaamuru vivyo hivyo. Ukurasa wa mteja ukishafunguliwa, usifungwe mpaka arudi. Binti alinieleza mara mbili kwamba fomu inajihifadhi yenyewe, na kwamba kila ukurasa ulio wazi unakula nguvu ya mashine. Nilimjibu, "Wewe umezaliwa juzi."

Siku ya mwisho ya maombi ya mikopo ya wanafunzi, benchi lilijaa tangu asubuhi. Mwanamke anayeuza vitenge mlango wa pili alikuwepo na vyeti vya mwanawe. Feni ya kompyuta ilikuwa inavuma kama jenereta. Binti akiandika jina, herufi zinatokea moja moja, kisha kila kitu kinaganda.

"Ba'mkubwa, kivinjari kimeilemea prosesa. Niruhusu nifunge zile za zamani."

"Zifunge uone! Umejaza sinema humu, sasa unatafuta kisingizio."

"Sijafungua sinema yoyote."

"Muongo. Ndiyo tabia ya mama yako hiyo."

Benchi zima liligeuka kunitazama. Binti aliinuka, akapanda ghorofani kumwita fundi wa kompyuta. Nilidhani ameogopa.

Fundi aliniamkia, akavuta stuli, akafungua orodha ya vinavyoendelea ndani ya mashine. "Mzee, kivinjari peke yake kinakula karibu prosesa yote. Una kurasa zaidi ya sitini hapa! Hawa wengine si wameshaajiriwa na kustaafu?"

Watu walicheka. Akaendelea kushuka na orodha, akazifunga moja baada ya nyingine, lakini feni haikutulia. Kisha akasimama.

"Huu mmoja ndio mla watu. Drafti, na matangazo yake yanacheza bila kupumzika. Nani anacheza drafti hapa?"

"Muulize bingwa wa baraza," alisema muuza vitenge, akinitazama mimi.

Ilikuwa yangu. Asubuhi ile, kabla binti hajafika, nilikuwa nimecheza na mashine, ikanifunga, nikaondoka kwa hasira na kuuacha ukurasa wazi. Nilikuwa na nafasi ya kusema hivyo, tena kwa utani, na yangeishia pale.

Nikasema, "Ni ya huyo. Kazi yake ndiyo hiyo."

Fundi aliufunga. Feni ikatulia. Binti aliketi, akazijaza fomu za benchi zima, hata ya yule aliyefika mwisho kabisa. Alipomaliza alichukua mkoba wake.

"Ba'mkubwa, mimi sijui hata kete inavyosogezwa," alisema, akatoka. Sikumzuia. Nilimfokea mgongoni kwamba asirudi.

Baada ya wiki kadhaa nilisikia yuko kwenye steshenari moja ya Upanga. Nilikwenda. Aliniamkia kwa adabu, mikono haikutoka kwenye kibodi. Nilimwomba radhi kwa sauti ya chini, maana kulikuwa na foleni.

"Unaninong'oneza?" aliuliza. "Mama yangu ulimtukana kwa sauti. Uliniita muongo mbele ya benchi zima. Kawaambie wao, halafu ndiyo uje kwangu." Kisha akainua uso juu ya bega langu. "Nani anafuata?"

Wengi wa benchi lile siwajui waliko. Nilianza na mmoja ninayemjua. Nilivuta kiti mbele ya meza ya vitenge, nikamwambia yote: kurasa, drafti, uongo.

Hakuacha kukunja kitambaa chake. "Tulijua siku ile ile, mzee. Tulikuwa tunakusubiri wewe useme, ukamfukuza mtoto." Akaweka doti juu ya rundo. "Kwa wengine nenda mwenyewe, mimi sikutangazii. Na usogeze hicho kiti, unanizibia wateja."