Apdeti ya Asubuhi na Ukuta wa Mzee Hamad

Jamani, haya nayasema mwenyewe kwa sababu mtaa mzima wa Madungu, hapa Pemba, wameshayajua, na nimechoka kuyasikia yakisimuliwa vibaya (wapo wanaosema nilikimbia nikaacha makubadhi, uongo, sikukimbia, miguu ilikataa). Aibu ni yangu na bora itoke kinywani mwangu: mimi Kombo, mtoto wa wakulima wa Mgogoni, fundi wa programu za kompyuta, nilisimama mbele ya baba wa msichana niliyemposa, kanzu yangu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, na kifuani mwangu pameandikwa kwa herufi nyekundu kwamba yeye ni mtu wa hasira. Na aliyeandika ni mimi.

Wazee wangu walikuwa wamekwenda kwa Mzee Hamad kuniposea Raya. Mzee Hamad ni seremala wa milango, hana maneno mengi, akawapokea vizuri, akawapa kahawa na haluwa, akasema jibu mtaletewa. Jibu halikuletwa. Wiki ya kwanza kimya, ya tatu kimya, ya sita mimi hata wali haunishuki, mpaka Raya mwenyewe akanipenyezea kwenye simu kwamba baba yake hana neno na ukoo wetu wala na dini yangu, kinachomkwamisha ni kazi yangu. Alimuuliza, huyo kijana anashinda chumbani anatazama kioo, sasa anatengeneza nini? Na Raya alijitahidi kumweleza, lakini mlango unaushika, unaupiga mkono ukasikia mbao, programu utaishika wapi?

Basi Mungu akaleta harusi ya dada yake Raya, na karamu ya watu mia tatu. Sasa kwa asiyewahi kula karamu ya Pemba nimweleze: wali hauliwi sahani moja moja, unaletwa kwenye sinia, watu watano wanalizunguka, bismillahi, mkono wa kulia. Ukitazama unaona rahisi. Si rahisi hata kidogo! Mtu hawekwi sinia moja na baba mkwe wake, wataoneana haya na wote wawili watalala na njaa. Mzee asiye na meno hawekwi na vijana wenye pupa. Na ndugu wawili wanaogombea shamba la mikarafuu huwezi kuwatia mikono kwenye wali mmoja ukatarajia salama. Kila harusi kamati inakaa kupanga masinia, na kila harusi kamati inagombana.

Mimi nikaiandikia kazi hiyo programu, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Unaipa majina, unaipa masharti, nani asikae na nani, nani atangulie kupewa, na yenyewe inakugawia masinia yote kabla hujamaliza kukohoa. Wallahi nilifurahi nayo kama mtoto na nguo ya Idi. Raya akamwambia baba yake, na baba yake akatuma salamu: aje Alhamisi baada ya laasiri, kamati itakuwepo, ila asituletee karatasi ya majibu, mie nataka kumuona akifanya. Seremala huyo, anataka kumuona mwenzake akiranda. Nikajua hapa ndipo posa yangu inapopita au inapokufa.

Sasa kuna siri moja ya kazi yetu. Ndani ya programu mtu anaweza kujiandikia maneno yake ya kawaida, vidokezo vya kujikumbusha kwa nini ameweka sharti fulani, na mashine inavipita bila kuvigusa. Mimi chini ya karibu kila jina nilijiandikia kidokezo (habari nyingine nilizipata kwa mama yangu, nyingine nilizishuhudia kwa macho kwenye hitima na harusi), na niliandika bila woga wowote, kwani nani atasoma? Kwenye kihariri changu, hiyo programu ninayoandikia kazi zangu zote, nilikuwa nimepanga rangi kwa miaka miwili: kazi yenyewe inang'ara kijani na buluu, na vidokezo vimefifia huko, kijivu, hata mimi navisoma kwa kukunja uso.

Alhamisi asubuhi nimeamka na furaha, intaneti ina kasi ambayo sijaiona mwaka mzima, nafungua kihariri kinaniambia kuna vifurushi, vile vijiprogramu vidogo vinavyokisaidia kazi, arubaini na moja vinasubiri kuapdetiwa. Ningeweza kukiambia baadaye. Kila siku nakiambia baadaye! Lakini siku hiyo nikasema, Kombo, unakwenda kwa watu, nenda msafi, kama mtu anavyonyoa ndevu kabla ya Ijumaa. Nikabonyeza.

Yakhe, kilipofunguka tena hakikuwa changu. Rangi hakuna, herufi zote nyeupe kwenye weusi, na juu imejipanga mistari ya makosa: faili langu la mipangilio lilikuwa linaviita vifurushi kwa majina yao ya zamani, na vyenyewe vimebadili majina na havitaki kuitika. Kile cha Python ndicho kibaya zaidi, kinaniambia hakitambui hata hiyo lugha. Nikarekebisha mstari mmoja, yakazuka makosa mawili. Nikajaribu kurudisha vifurushi vya zamani, na ile intaneti ya asubuhi (ambayo bila shaka ilitumwa na shetani) ikaanza kusuasua. Adhuhuri ikapita nikaswali haraka haraka, Mungu anisamehe, nikarudi kwenye kioo. Programu yenyewe nilikuwa nimeifunga iendeshwe kutoka humo humo kwenye kihariri, kwa hiyo bila kihariri sina cha kuonesha.

Ilipobaki nusu saa nikafanya lile ambalo kila siku nawakataza wenzangu. Nikachukua faili la mipangilio la mtu nisiyemjua, kaliweka mtandaoni, nikalinakili zima zima na kulibandika badala ya langu. Na likafanya kazi! Makosa yamekwisha, Python inatambulikana, rangi zimerudi, nikaruka juu ya kitanda mpaka mwenye nyumba akagonga kuuliza kulikoni. Sikutazama rangi zenyewe ni zipi. Nilitia laptopu kwenye mkoba, nikavaa kanzu, nikaenda.

Sebuleni kwa Mzee Hamad mapazia ya madirisha yameshushwa ili picha ionekane ukutani, wanaume wa kamati wamekaa mkekani, na wanawake wako ukumbini nyuma ya pazia jepesi wanaona kila kitu, wakiongozwa na Bi Zuwena, dada yake Mzee Hamad, ambaye ndiye mwenye amri ya upande wao. Raya yuko humo humo nyuma, sikumuona ila nilijua. Jirani yao Mwalimu Joseph, mtu wa bara anayesomesha sekondari, ndiye aliyeniazima projekta, na akaja nayo mwenyewe kwa ukarimu wake. Masalkheri, masalkheri, nikawashika mikono wazee wote. Mzee Hamad akaniambia nianze.

Nikafungua. Sasa lile faili la mgeni, kumbe mwenyewe alikuwa anapenda vidokezo kupita kazi. Vidokezo alivitia rangi nyekundu, herufi nene, kubwa, na kazi yenyewe akaifanya kijivu chepesi juu ya weupe. Kwenye kioo changu vyote viwili vinaonekana. Ukutani, kwenye chokaa nyeupe, kijivu kilipotea chote kama hakikuwahi kuandikwa, yakabaki maneno yangu mekundu peke yake, kwa Kiswahili safi, kila moja limelala na nafasi yake.

Mzee Hamad hakuwa na miwani. Akamwambia Mwalimu Joseph, mwalimu, hebu tusomee hapo. Na Mwalimu Joseph, maskini, hakujua lolote, akasimama akasoma kwa ile sauti ya imla:

"Mzee Faki. Asikae na mtu mpole, nyama humaliza yeye."

Mzee Faki ndiye mwenyekiti wa kamati. Alikuwa amekaa mbele yangu kabisa, goti lake linagusana na langu. Mimi nikaparamia kitufe cha kufunga, hakuna kitu. Kile kifurushi kipya cha Python, kwa kuwa ndiyo mara yake ya kwanza, kilikuwa kinapakia mambo yake, na kile kiduara kinazunguka tu, kinazunguka tu, laptopu imeganda. Mwalimu akaendelea na kidokezo cha pili, kwamba imamu aletewe sinia mwisho kwa sababu dua yake ndefu na wali hupoa (imamu mwenyewe alikuwepo, akaanza kutazama tasbihi yake). Na cha tatu akakisoma taratibu zaidi, kwa sababu kilikuwa kirefu:

"Bi Zuwena. Vipande vya nyama hutia kwenye mfuko ndani ya buibui. Upande wa wanawake ongeza sinia moja."

Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya mtu anayezuia kicheko kwa kanga, halafu sauti ya Bi Zuwena ikiuliza kwa upole wa kutisha huyu ni mtoto wa nani vile.

Mtaniuliza kwa nini sikuchomoa waya. Nami najiuliza hivyo hivyo mpaka leo. Akili ilishaondoka, na badala ya kuchomoa waya nikainuka nikaenda kusimama mbele ya ukuta, mikono nimeitanua, nizibe kwa mwili. Kanzu nyeupe, jamani! Yale maneno yakanipanda kifuani yakaonekana vizuri kuliko ukutani. Mwalimu Joseph akadhani ninamsaidia, akaniambia ahsante, akanisoma:

"Mzee Hamad. Hasira zake ziko karibu. Apewe sinia la kwanza na mfupa wenye uroto, asikalishwe na mbishi. Baba mkwe wangu inshallah."

Hapo hata Mwalimu alielewa. Akakaa chini taratibu. Nikawafikiria wazee wangu kule Mgogoni wanaosubiri jibu, nikaona nimewatia aibu watu wazima kwa ujinga wa asubuhi moja, na nikaona Raya ananitoka hivi hivi na mwenyewe yuko hatua nne kutoka nilipo.

Aliyesema mwanzo ni Mzee Faki. Alisema, "Kwani uongo? Mie tangu udogo nakula mbio." Wakacheka wawili watatu kwa woga, wakimtazama mwenye nyumba.

Mzee Hamad hakucheka. Aliniambia niondoke mbele ya ukuta, nikaondoka. Akatazama yale mekundu kwa muda, ingawa hakuwa anayasoma, kisha akasema kwamba na yeye anapotengeneza mlango huandika kwa penseli upande wa ndani wa fremu, utakaozikwa ukutani, asiouona mteja: huyu msumbufu, huyu haeleweki anataka nini, huyu hakuniletea hata maji. Mji huu, akasema, umejaa milango yenye maneno yangu. Imamu akainua uso, akauliza na mlango wa nyumba yake umeandikwa nini. Mzee Hamad akajifanya hakusikia.

Kisha akaniuliza, "Humo umewaandika wote?"

Nikasema ndiyo, Mzee, na wa upande wa wanawake pia.

"Basi nioneshe ulivyomwandika Raya."

Sikilizeni, yote yaliyotangulia yalikuwa mchezo. Nilirudi kwenye laptopu, na kile kiduara kikachagua wakati huo huo kuacha kuzunguka, kihariri kikazinduka, kikanitii. Nikateremsha. Yakapita majina, vikapita vidokezo vyekundu vya shangazi na majirani (Mwalimu Joseph alikuwa anatazama miguu yake), mpaka nikafika kwa Raya, nikasimamisha. Ukuta ulikuwa mweupe. Jina lake lilikuwepo, lakini la kijivu, halionekani, na chini yake hapakuwa na kitu chochote.

Mzee Hamad akamuuliza Mwalimu pameandikwa nini. Mwalimu akasema hapa hapana maneno.

"Mbona yeye hukumwandika?"

"Sijaona la kumwandika, Mzee."

Hilo sikulipanga. Lingekuwa la kupanga ningelisema vizuri zaidi. Nyuma ya pazia hapakucheka mtu safari hii.

Mzee Hamad akanitazama mpaka nikainamisha uso, kisha akasema, "Utaliona." Akavuta pumzi. "Waambie wazee wako waje Jumapili."

Programu niliiendesha baada ya hapo, ikagawa masinia yote sitini, kamati ikaipokea bila ugomvi, na nasikia nilieleza vizuri sana ila mimi sikumbuki neno. Siku ya karamu imamu aliletewa sinia la kwanza kabisa, kwa amri ya mwenye nyumba. Bi Zuwena hakuitika salamu yangu miezi mitatu, mpaka siku ya nikaha yangu, na hata hapo aliitika kwa kuwa watu walikuwa wanatazama.

Tangu siku hiyo siapdeti kitu nikiwa na miadi, hata vifurushi vijae mia, na faili la mipangilio la mtu silibandiki tena maishani mwangu. Sasa tuko mwaka wa pili na Raya. Mzee Hamad alisema kweli, ya kumwandika nimeyaona, tena si machache. Siandiki.