Ngozi ya Mbuzi kutoka Ishiara

Laiti ningesema hapana siku ile. Mchinjaji mmoja wa mtaa wa Majengo alituambia, mimi na rafiki yangu wa chuoni, kwamba lori lake lingeondoka Jumamosi asubuhi kwenda Ishiara kununua mbuzi. Kibali chake kilimruhusu kuchukua vibarua wawili, lakini vibarua wake walikuwa wamezuiwa na polisi kwa sababu pasi zao hazikuwa na muhuri mpya.

"Njooni nyinyi," alisema. "Mnasukuma mbuzi garini, mnakula nyama, Jumapili jioni mko kwenu. Nani atajua?"

Mimi nilijibu kabla mzee hajamaliza kufuta kisu chake: "Tutakuja."

Nilikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu karibu na mji wa Meru, na Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni ilikuwa imekaza. Bila kibali huvuki mpaka wa wilaya, hulali ugenini, huendi hata kumzika mtu wako. Wenzangu walikaa chuoni wakasoma. Mimi sikutulia. Muhula ule niliogelea mto Kathita mahali tulipokatazwa. Nilipanda hadi ukingo wa msitu, askari wakanirudisha kwa mateke. Nilikwenda Majengo nikala sambusa kwa mara ya kwanza, nikakaa mkekani na wazee wa Kiislamu kusikiliza habari za safari zao, na ndiko nilikomjua yule mchinjaji. Baba yangu alikuwa karani wa chifu. Kila niliposhikwa, jina lake lilinitoa, nami nikadhani ni ushujaa wangu ulionitoa.

Rafiki yangu hakuwa na jina la kumtoa. Alikuwa Mmbeere wa upande wa Ishiara, mtoto wa kulelewa na nyanya yake, na baba yake alikuwa kizuizini. Mkuu wa chuo alimpokea kwa sharti moja, ambalo alilisoma mbele yetu sote: akipatikana na kosa lolote la Hali ya Hatari, atakabidhiwa kwa serikali siku hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza katika hesabu darasani kwetu. Alitaka kitu kimoja tu, cheti cha ualimu, ili amtoe nyanya yake katika kibanda cha kijiji kipya walikohamishiwa kwa nguvu.

Tulipotoka Majengo alinigeukia.

"Umesema tutakuja. Nani amekutuma?"

"Si utamwona nyanya yako?"

"Nitamwona mambo haya yakiisha."

"Na kama atakuwa amekufa?"

Alisimama njiani. Lilikuwa neno baya, na nilijua hivyo nilipokuwa nikilitamka.

"Wewe mtoto wa karani," alisema, "ukishikwa utaandikiwa barua. Mimi nikishikwa nitaandikiwa namba."

"Basi baki na vitabu vyako, bwana. Nitamsalimia cucu, nyanya yako, kwa niaba yako."

Jumamosi nilimkuta kando ya lori, amevaa shati lililochanika ili afanane na kibarua. Hakuniamkia.

Sitaficha kwamba nilifurahia safari ile. Tulitoka kwenye baridi na migomba tukateremka hadi kwenye joto, vumbi jekundu na miiba, nchi ambayo sikujua kama iko karibu hivyo na kwetu. Sokoni Ishiara nilijifunza kumpima mbuzi kwa kumshika mgongo. Nilikunywa uji wa mtama uliochachuka. Jioni tulipita kwenye lango la kijiji, penye handaki lililojaa vijiti vilivyochongwa, na mlinzi akasoma kibali cha mchinjaji akatuachia. Nyanya alimpapasa mjukuu wake usoni, masikioni, mabegani, kama mtu anayehakikisha hajarudishiwa mwingine. Tangu aje chuoni alikuwa hajamwona.

Asubuhi ya Jumapili, tukipakia hapo kijijini, mbuzi mmoja aliruka akavunjika mguu. Mchinjaji akamchinja papo hapo, akampa nyanya kichwa na miguu. Bibi huyo akaomba kisu. Akachuna ngozi ya mguu wa mbele, akakata vipande viwili vyembamba, akavitoboa tundu katikati.

Nyumbani kwao mtoto anayekwenda safari huvikwa ngozi mbichi mkononi ili arejee salama. Hata kwetu Meru wazee walikuwa na desturi ya namna hiyo. Lakini watu wa viapo vya msituni, waliokuwa wakipigana na serikali, nao walitumia ngozi ya mbuzi, na siku zile homugadi, wale walinzi wa vijiji waliokuwa upande wa serikali, waliangalia mikono ya mtu kabla ya kuangalia pasi yake. Kila mtu alijua. Mimi pia nilijua.

"Cucu, si leo," rafiki yangu alisema kwa Kimbeere, mikono ikiwa nyuma.

Mimi nikanyoosha wangu. Lilikuwa jambo jipya, nami jambo jipya halikuwahi kunipita. "Nivike mimi, cucu."

Bibi akacheka. "Huyu Mmeru ana adabu kuliko mtoto wangu!"

Akanivika. Ngozi ilikuwa na joto bado. Nikamgeukia mwenzangu nikasema kwa Kiswahili, "Mwanamume mzima unaogopa ngozi ya nyanya yako?"

Alinitazama, kisha akamtazama bibi, ambaye alikuwa ameshika kile kipande cha pili kwa vidole viwili, anangoja. Akatoa mkono.

"Mtavua njiani, eeh?" mchinjaji alituambia alipowasha gari. "Wallahi, wale watu hawana mchezo."

"Tutavua," nikajibu, tena kwa niaba ya wawili.

Rafiki yangu hakutaka kuivua karibu na kwao. Tulikubaliana hivi: yeye angepanda nyuma na mbuzi, mimi mbele na mchinjaji. Tukikaribia daraja la mto Thuchi, ambapo palikuwa na kizuizi siku zote, ningegonga ukuta wa kebini mara tatu, naye angeitupa.

Siku ile kizuizi hakikuwa darajani. Walikuwa wamekisogeza upande tuliokuwa tukitokea, kabla ya daraja, nyuma ya kona. Tulipopinda tu niliona gogo barabarani na watu sita wenye mikuki na bunduki mbili. Nilianza kuvua yangu. Ilikuwa bado laini, ikapita kwenye kiganja, nikaiangusha dirishani. Ukuta wa kebini ulikuwa nyuma ya kichwa changu. Mkono wangu ulikuwa huru. Lakini mmoja wao alikuwa ameshanikazia macho kupitia kioo, nami niliogopa kwamba akiniona nikigonga, ataniuliza naashiria nini. Sikugonga.

"Shukeni! Mikono juu!"

Rafiki yangu akaruka chini kutoka kwa mbuzi, akainua mikono, na mkono wa shati lile lililochanika ukateremka hadi kwenye kiwiko. Wote wakaiona.

Sajenti wao alimshika mkono akaugeuza kama anayekagua ndizi sokoni. "Umekula kiapo wapi?"

"Si kiapo, bwana. Ni nyanya yangu alinibariki. Leo asubuhi tu amenivika."

"Kila mmoja wenu ana nyanya."

Mchinjaji akasogea. "Afande, ngozi hiyo ni ya mbuzi wangu, nimemchinja mwenyewe kwa mkono huu. Walivikwa nikiona."

"Nyamaza, mzee. Wewe Mswahili wa mjini unajua nini kuhusu viapo?" Kisha akanigeukia. Alikuwa ameshasoma pasi yangu, na alilitambua jina la baba. Sauti yake ikalegea. "Wewe, kijana wa karani. Wewe ni wa upande wetu, utasema kweli. Mzee anasema walivikwa. Ulivikwa wewe?"

Nikisema ndiyo, ataniuliza iko wapi, na kwa nini nimeitupa. Nilifikiria jambo hilo tu.

"Hapana," nikasema.

"Ulimwona huyu akivikwa?"

Rafiki yangu aliniambia polepole, bila hasira, "Sema basi, ndugu yangu. Sema tu ilivyokuwa."

"Sikuwepo," nikasema. "Sijui aliitoa wapi."

Mchinjaji aliniangalia mdomo wazi. Tayari walikuwa wanamvua rafiki yangu viatu na kumfunga mikono kwa kamba ileile ya mbuzi wetu. Sisi wawili tuliachiwa na barua ya kupeleka chuoni. Tulipofika Majengo yule mzee alisema, "Usije tena dukani kwangu, kijana."

Nilichapwa viboko nikaruhusiwa kuendelea na masomo. Niliendelea muhula mmoja. Mchinjaji alikuwa amesimulia, na habari ilifika bwenini. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana. Walikuwa wakihama meza nilipokaa kula. Niliacha chuo bila cheti, nikapata kazi ya kupima ngano katika ghala moja Kiirua, na huko nilizeekea.

Rafiki yangu alikaa kizuizini miaka mitatu. Nyanya yake alifariki katika mwaka wa pili, akazikwa na majirani. Alipofunguliwa nilimfuata Ishiara. Alikuwa akichoma makaa. Nilimwambia kila kitu: ile ngozi niliyoitupa, na ukuta ambao sikuugonga. Alisikiliza akiwa ameinama kwenye tanuru.

"Kuhusu kugonga, ningekusamehe," alisema. "Mtu huogopa. Lakini nilikuomba mbele yao."

Akaendelea na kazi yake. Nilisimama pale mpaka nikaona aibu ya kusimama, nikaondoka.

Kwa kusema "tutakuja," nilimpoteza rafiki pekee niliyempenda kama ndugu, na nikaupoteza ualimu. Yeye alipoteza miaka mitatu, cheti chake, na nafasi ya kumzika aliyemlea. Alikufa bila kunisamehe, wala sikuwa na haki ya kumdai msamaha huo.